Kibao Nyuma ya Ngoma

Siku ya watani wa jadi, Ngatiman hakuwa na huruma na tairi la mtu. Saa saba mchana alizima moto wa kibano chake cha kuzibia pancha, akasugua grisi mikononi kwa sabuni ya unga, akavaa jezi nyekundu ya Persekal iliyofuliwa mpaka ikawa rangi ya ufizi, kisha akaivuta ngoma kutoka chini ya benchi. Ilikuwa ngoma kubwa ya kuning'iniza begani kwa mkanda, na kwa miaka thelathini na moja hakuna mechi ya watani iliyowahi kuanza mjini Kaliwaru kabla haijalia. Timu zikichungulia tu kutoka vyumbani, Ngatiman hupiga mbili nzito na tatu za haraka, na jukwaa zima la mashariki huitikia. Wachezaji walikuja wakaondoka, makocha walifukuzwa kwa zamu, ngoma ikabaki pale pale.

Alikuwa na miaka sitini na minne, na nyumbani kwake hapakuwa na kitu cha kijani. Kijani ni rangi ya Tirtosari, wale panzi wa ng'ambo ya mto. Mtungi mdogo wa gesi, ambao serikali huupaka kijani nchi nzima, aliushonea koti jekundu kwa mkono wake mwenyewe. Mkewe, Bu Sulastri, yaani Mama Sulastri, kila akipika mboga za majani humuuliza kama na zenyewe azipeleke kwa fundi rangi. Zamani walikuwa na paka aliyeitwa Haryadi, kwa heshima ya kiungo bora aliyewahi kuvaa nyekundu. Haryadi alipohamia Tirtosari, paka alibadilishwa jina asubuhi hiyo hiyo, na mpaka anakufa hakuwahi kuliitikia lile jipya.

Sasa alikuwa anasubiri msafara wa vijana umpitie, kama kila mwaka, pale pikipiki ilipoingia kibandani ikisukumwa na mwanaume wa umri wake, jasho likimchuruzika mpaka kwenye ndala.

"Mas," akasema, ndiyo "kaka" kwa Kijava, "samahani sana. Tairi la nyuma."

"Nimefunga."

"Nimeisukuma kutoka sokoni."

"Leo hata gari la wagonjwa likipata pancha hapa linasukumwa. Hujui leo siku gani?"

"Najua, Mas. Ndiyo maana nina haraka."

Ngatiman akainama kulitazama tairi, na jicho lake likateleza juu kidogo, kwenye kibao cha namba. Zile herufi za mwisho kila mtoto wa Kaliwaru huzijua kabla ya kujua jina la babu yake. Kilikuwa kibao cha Tirtosari. Akamtazama mtu mwenyewe. Amevaa jezi nyekundu, mpya kabisa, mikunjo ya dukani bado imesimama kifuani.

Miaka sasa mashabiki wageni hawaruhusiwi kuvuka mto siku ya mechi. Mwenye haja na mpira wa watani autazame kwao kwenye runinga. Kwa hiyo huyu bwana ama alikuwa mjinga wa kupita kiasi, ama alikuwa anakwenda harusini akakosea nguo.

Ngatiman angeweza kumwambia asogee mbele kwa fundi mwingine. Lakini kibanda chake kilikuwa cha mwisho kabla ya uwanja, na kusukuma pikipiki yenye kibao kile mbele ya elfu kumi na mbili waliovaa nyekundu halikuwa jambo la kumwombea mtu. Na yeye, kuliko mtu yeyote Kaliwaru, alijua kwa nini.

Kukagua vibao kulianza naye. Mwaka wa tisini na sita, baada ya kufungwa nne bila, alisimama njia panda akapaza sauti: "Tazameni vibao!" Wakamnasa muuza mayai wa Tirtosari aliyekuwa anarudi zake kwao, mtu ambaye hakuwa na habari na mpira wala na Persekal. Trei ishirini zikamwagika barabarani. Kisa hicho Ngatiman alikisimulia kila mwaka juu ya lori, jinsi lami ilivyogeuka kikaango, na vijana walicheka mpaka wakashika mbavu. Alikisimulia vizuri sana. Kuna mahali pamoja tu alipokuwa anaparuka. Yule mtu hakukimbia. Alipiga magoti, akaanza kuokota mayai yaliyobaki mazima, moja moja, anayaweka kwenye kofia yake, na huku wao wanaendelea kumpiga na mengine. Ngatiman alirusha mawili. Kila alipofika hapo kwenye kisa aliona aibu, na kila alipoona aibu alikimbilia kwenye kikaango.

"Kaa kwenye ndoo hiyo," akasema, na akawasha tena moto wa kibano.

Akafungua gurudumu, akachomoa tyubu, akaijaza upepo na kuizamisha kwenye karai la maji. Mapovu yakatoka sehemu mbili. Msumari uliingia, ukaona pazuri, ukatokea upande wa pili.

"Viraka viwili," akasema. "Dakika ishirini kila kimoja. Nikikiharakisha kitabanduka njiani."

"Fanya kama unavyojua, Mas."

"Shabiki?"

"Wa damu!" Mgeni alijigusa mikunjo ya kifuani. "Persekal tangu tumboni."

"Mchezaji wako nani?"

"Eh... Sugeng. Sugeng anajua sana. Leo atawafunga."

"Sugeng alistaafu miaka ishirini iliyopita. Sasa anafuga kambare."

Mgeni akainyoosha jezi yake. "Mapenzi ya zamani, Mas, hayatoki."

Ngatiman alijikuta anataka kucheka, akajizuia. Akaweka kiraka, akakaza kibano, akaongeza spiriti motoni. Ili kupitisha muda akaanza kuongea juu ya Kollie, yule Mliberia aliyefika akiwa hajui hata kuomba maji, na baada ya misimu mitatu akawa anamtukana mwamuzi kwa Kijava cha hali ya juu, chenye adabu zote, mpaka mwamuzi anamwinamia. Akaongea juu ya kipa aliyekuwa anasalimia nguzo za goli kwa mkono, kulia kisha kushoto, na siku aliyosahau ya kushoto ndipo mpira ulipopita. Mgeni alikuwa anacheka pale pale panapostahili kuchekwa. Huyo hakuwa mtu wa harusi. Huyo mpira alikuwa anaujua, tena hizo mechi alizikumbuka, ila kutoka upande mwingine wa uwanja.

Halafu mgeni akajisahau. Mkono wake ulikuwa umening'inia ubavuni mwa ndoo aliyokalia, na vidole vikaanza kugonga vyenyewe. Tatu za haraka, mbili nzito. Kimya kidogo. Tatu za haraka, mbili nzito.

Ngatiman akaacha kibano, akageuka. Mdundo huo alikuwa ameusikia miaka ishirini na tatu mfululizo, kutoka jukwaa la magharibi, kabla wageni hawajazuiwa. Mpigaji wake alikuwa kidoadoa cha kofia ya kijani mita mia moja ng'ambo ya nyasi. Hakuwahi kumwona uso.

"Ni wewe," akasema.

Vidole vikakoma. Mgeni akaitazama ngoma kubwa iliyokaa kando ya benchi, akamtazama mwenye kibanda, na mdomo wake ukafunguka.

"Ah! Na wewe ndiye yule."

"Ngatiman."

"Tukijan." Wakapeana mikono kabla hawajakumbuka kwamba hawapaswi.

"Mwizi mkubwa," Ngatiman akasema. "Mbili na tatu ni yangu. Wewe ukaigeuza kichwa chini, ukasema ni yako."

"Yako? Mimi nimeanza mwaka wa themanini na nane!"

"Kwa sufuria la mama yako labda."

"Ni kweli lilikuwa sufuria," Tukijan akakiri. "Lakini lililia tatu na mbili."

Ngatiman akacheka, mara hii kwa sauti. "Sasa umevuka mto kufanya nini, mzee mzima? Unataka vijana wakukunje?"

Tukijan akajikuna kisogo. "Nimechoka, Mas. Tangu watuzuie, Kaliwaru wakija kwetu napiga, na ng'ambo hakuna anayejibu. Viti vitupu. Napiga nakaa nasikiliza, hamna kitu. Nikasema nije mara moja tu, nikae kimya kwenye kona, nikusikie ukifungua. Binamu yangu wa hapa kanipatia tiketi."

Maneno hayo yalimwingia Ngatiman kuliko alivyotaka. Na yeye, kila Persekal wakienda kucheza kwa jirani akabaki kwenye runinga, alikuwa anatega sikio kwa ile tatu na mbili, na hakuwahi kumwambia mtu.

Kabla hajajibu, honi zikajaa barabara. Msafara ulikuwa umeshafika: lori la bendera, na mbele yake pikipiki ya Gilang, kiongozi wa vijana. Pikipiki ya Tukijan ilikuwa imepandishwa juu ya tofali bila gurudumu, na kibao chake kimetazama barabarani moja kwa moja. Kibanda chenyewe kilikuwa bati juu ya nguzo nne, hakina ukuta hata mmoja. Kukifunika kibao kwa kitambaa ni kazi bure, kwa sababu Ngatiman mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba anayefunika kibao ndiye mwenyewe. Akaisukuma ngoma kwa goti mpaka nyuma ya pikipiki, ikakiziba kibao chote, akaikalia.

"Pakde Man!" Gilang akaita. Vijana wote walimwita Pakde, baba mkubwa. "Panda, mambo yameiva!"

"Ngoma imepasuka."

Gilang akazima pikipiki.

"Imepasuka vipi?"

"Ngozi imeachia. Joto hili. Naiziba."

"Kwa kiraka cha tairi?"

"Wewe umewahi kuziba ngoma?"

"Hapana, Pakde."

"Basi niache na kazi yangu."

"Lakini nani atafungua? Miaka thelathini na..."

"Na moja. Naijua hesabu. Nendeni mtaona wenyewe la kufanya."

Gilang alikuwa karibu kulia, halafu akamwona mgeni kwenye ndoo. "Na huyu?"

"Mteja. Huoni jezi?"

"Mpya hiyo."

"Na wewe yako ulizaliwa nayo?"

Lori likacheka, na Gilang akacheka nusu. "Angalia tu, Pakde. Tumesikia kuna panzi wamevuka. Mlangoni leo polisi wanakagua vitambulisho, na mimi naacha watatu pale kona mpaka mechi iishe. Wanatazama vibao. Kama ulivyotufundisha."

Msafara ukaondoka. Kwenye kona, hatua arobaini hivi, walibaki vijana watatu wasio na tiketi, simu moja, na macho sita.

Tukijan alikuwa ameloa upya. "Nenda, Mas," akasema polepole. "Mimi mlangoni sipiti tena. Kitambulisho changu cha Tirtosari. Lakini wewe bado una saa nzima. Chukua ngoma yako ukapige."

Ngatiman alisimama. Kweli alisimama, akaushika mkanda, akaunyanyua mpaka nusu. Alikuwa anaitaka ile nafasi pale chini ya jukwaa kuliko chakula. Aliiona timu inatoka, aliwaona watu elfu kumi na mbili wamegeuza shingo kumtafuta. Halafu akaona kibao kimejitokeza chini ya ngoma, cheusi kwa cheupe, na kijana mmoja kule kona anageuka kutazama. Akaketi tena, ngoma ikatoa mlio mdogo wa kukaliwa.

"Ngoma imepasuka," akasema kwa hasira. "Hukusikia?"

Wakaendelea na kiraka cha pili. Bu Sulastri alileta chai ya barafu kwenye mifuko ya plastiki na tofu ya soya ya kukaanga, akamwona mumewe amekalia ngoma siku ya watani saa tisa kasoro, akamgusa paji la uso kama ana homa. Akaelezwa kwa kunong'onezwa. Akakitazama kibao, akamtazama Tukijan, akamwongezea tofu mbili.

"Huyu ndiye tatu na mbili?" akauliza. "Huyu ndiye aliyekuwa anakunyima usingizi?"

"Nenda nyumbani, Bu."

"Nilidhani ni mrefu," akasema, akaenda zake.

Saa tisa na nusu redio ndogo ikatangaza timu zinatoka. Ngatiman alishusha kichwa. Mtangazaji alikuwa anaongea, anajaza muda, na nyuma yake kulikuwa na mvumo tu wa watu wasiojua waanze wapi. Ulikuwa mkubwa, huo ukimya, na aliufanya yeye. Halafu, kwa mbali, mtu mmoja akapiga makofi. Mawili mazito, matatu ya haraka. Wakafuata kumi. Likafuata jukwaa lote, mikono mitupu, mawili na matatu, mpaka redio ikaanza kukwaruza.

Ngatiman alifuta macho kwa kitambaa cha grisi, na hilo lilikuwa kosa, maana yalizidi kuwasha. Alifurahi, na hapo hapo akaona wivu. Miaka thelathini na moja anabeba pipa mgongoni, kumbe mikono yao inatosha!

"Wanakosea ya mwisho," akasema. "Wanaikimbiza."

"Wanaikimbiza kabisa," Tukijan akakubali kwa upole, na kwenye ubavu wa ndoo akajibu, kwa ncha za vidole: tatu, mbili.

Gurudumu lilirudi mahali pake, lakini kwenye kona vijana walikuwa bado wameinamia simu, kwa hiyo wazee wakabaki na redio na kutukanana kwa sauti ya chini. Haryadi alikuwa msaliti. Hapana, Haryadi alikuwa na watoto wanne. Beki wenu wa kulia ni mlango wa choo. Wenu ni choo chenyewe. Dakika ya tisini, bila kwa bila, mpira wa kona, na mtangazaji akapiga yowe ambalo halikuwa la furaha. Tirtosari wamefunga.

Tukijan alijitia ngumi yote mdomoni. Machozi yalimtoka, mabega yakaruka, lakini sauti haikutoka hata moja.

"Meza," Ngatiman akasema, naye moyo umemwanguka. "Meza hiyo furaha, washa pikipiki. Watu elfu kumi na mbili wenye hasira wanatoka sasa hivi. Tunakwenda darajani. Wewe mbele, mimi nyuma yako, karibu, tairi langu likilamba lako. Atakayetafuta kibao chako atakiona changu."

Akajitwisha ngoma mgongoni, akawasha pikipiki yake iliyoegemea nguzo ya kibanda. Walipita kona pua kwa mkia. Vijana watatu walikuwa wameshika vichwa, mmoja aliinua uso, akaona ngoma, akasema "Pakde?" na hakuona kitu kingine. Njia nzima Tukijan aliendesha wima kama bwana harusi, ila mabega yalikuwa bado yanacheza.

"Cheka taratibu!" Ngatiman akamfokea kutoka nyuma. "Bado uko Kaliwaru!"

Mwisho wa daraja Tukijan alisimama. Alivua jezi nyekundu, akaikunja kwenye mikunjo yake ile ile, akaiweka chini ya kiti.

"Marudiano mwezi wa pili," akasema. "Ukija, nisubiri hapa hapa. Nitakaa nyuma yako mpaka uwanjani. Na jezi ya kijani nitakutafutia saizi."

"Sivai kijani."

"Utavaa. Mimi nimevaa hii takataka." Akagonga tangi la mafuta: tatu, mbili.

Ngatiman akaishusha ngoma tumboni. Alikuwa hajaigusa siku nzima ila kwa makalio. Akapiga mbili nzito na tatu za haraka, kwa nguvu zote, na bata waliokuwa chini ya daraja wakatimka. Tukijan alisikiliza mpaka mlio ukaisha. Kisha akapunga mkono, akaondoka.

Aliporudi kibandani, Gilang alikuwa amekaa kwenye ile ndoo, macho mekundu, sauti imemkauka kwa kupiga kelele. Wengine wamejipanga ukingoni mwa barabara.

"Vijana wanasema umepita na ngoma," Gilang akasema. "Tumeisikia mpaka huku. Haijapasuka, Pakde."

"Haijapasuka."

"Sasa kwa nini ulinidanganya?"

Ngatiman aliiweka ngoma chini taratibu, akazima redio, akavuta benchi mpaka magoti yake yakakaribia kugusana na ya kijana. Angeweza kutafuta uongo mwingine, na siku hiyo ulikuwa unamjia kwa urahisi.

"Waite wenzako wakae," akasema. "Nataka kuwasimulia habari ya yule muuza mayai."

"Tunaijua, Pakde. Ya kikaango. Umetusimulia kila mwaka."

"Hamuijui," akasema Ngatiman. "Kaeni."